Seli ikikrashi msikimbilie kulaumu laptop

Mhariri, naomba kanafasi niongee na vijana wenzangu wa Mbeya tunaojifunza kutengeneza apu za iPhone, maana kila tukikutana Mwanjelwa stori ni ileile, seli ya jedwali (mstari mmoja wa orodha kwenye skrini) mtu kaichora mwenyewe halafu apu inakrashi inasema imekuta nil, yaani hamna kitu. Jamani, lebo iliyo ndani ya seli haiungwi kwenye kontrola ya skrini, ile kodi inayoiendesha skrini nzima! Seli inajirudia kila mstari, sasa Xcode, programu ya Apple tunayotengenezea apu, itajuaje unaongelea lebo ipi, ndo maana inagoma. Tengeneza klasi inayorithi UITableViewCell (klasi ya seli ya Apple wenyewe), iweke kwenye seli pale storibodi, faili la kuchorea skrini, autleti zote (viungo vya kodi na vitu ulivyochora) ziunge humo. Na hili ndo linatesa wengi: seli ukishaichora kwenye storibodi usiisajili tena klasi yake kwenye kodi kwa kitambulisho (jina la seli) kilekile, hapo iOS inaunda seli tupu isiyoujua mchoro wako, autleti zote nil. Ukitumia xib, faili la pembeni lenye mchoro wa seli peke yake, ndo unasajili, tena unasajili UINib (inayobeba mchoro wa hiyo xib) sio klasi. Na nyie walimu wa kozi fupi lifundisheni hili kabla ya mambo ya rangi, ada si tunalipa?

Msomaji wenu,
Soweto, Mbeya