Lalamiko: niliambiwa simu ikishafunguliwa loki itashika mtandao wenu popote

Mlalo, Lushoto,
Tanga.
4 Agosti 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: USHAURI USIO SAHIHI NILIOPEWA DUKANI KWENU KUHUSU SIMU ILIYOTOKA MAREKANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu tangu 2011, kwa laini ileile moja, niliyoisajili kwa alama za vidole mwaka 2019 kama tulivyotakiwa. Kazi yangu ni kununua mboga kwa wakulima wa huku milimani na kuzipakia kwenye fuso kwenda soko la Ilala: hoho, karoti, kabichi. Biashara yote inapita kwenye simu.

Mwezi Mei mdogo wangu anayeishi Columbus, Ohio, aliniletea simu. Aliinunua ikiwa haijafungwa kwa kampuni yoyote, ile ambayo huku tunasema inakubali laini zote. Nilishasikia watu wakilalamikia simu za Marekani, kwa hiyo nikapita kwanza dukani kwenu Kariakoo, kwa makusudi kabisa. Nilimwambia mhudumu: "Mwanangu, simu hii imetoka Marekani na mimi nitaitumia kijijini Lushoto. Itashika 4G yenu vizuri?" Kijana akaweka laini, akangoja 4G itokee, akanigeuzia kioo. "Mama, si unaona? Imeshafunguliwa hii. Popote penye mnara wetu itapiga kazi." Akanishauri nichukue kifurushi cha mwezi cha shilingi 50,000. Nikalipa palepale.

Dar es Salaam ilifanya kazi, ingawa kila nilipopiga simu ile 4G ilitoweka mpaka nikate. Njiani hadi Mombo hakuna neno. Basi lilipoanza kupanda Soni mtandao ukaanza kukatakata, na nilipofika nyumbani juu ya kioo ilibaki herufi moja: E, yaani ule mtandao wa zamani wa polepole, 2G.

Naomba mwelewe maana ya hiyo E kwa mtu wa kazi yangu. Mnunuzi wangu wa Ilala hanunui hoho kwa maneno. Anataka picha ya mzigo ukiwa umemwagwa kwenye turubai, aone ukubwa na rangi, ndipo ataje bei kabla fuso halijaondoka. Jioni moja ya Juni nilikuwa na magunia 14. Nilipiga picha saa kumi na mbili, nikabonyeza kutuma, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikapanda mpaka kwenye mwamba ulio nyuma ya shule, nikanyoosha mkono juu. Saa mbili usiku kilikuwa bado kinazunguka. Fuso likaondoka bila bei, na asubuhi sokoni mzigo ulipokelewa kwa pungufu ya shilingi 10,000 kila gunia. Hiyo ni 140,000 kwa usiku mmoja, na wakulima wangu wawili walidhani nimewaficha bei. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Nilipopiga huduma kwa wateja, mara tatu, niliambiwa nizime simu na kuiwasha, kisha nifute mipangilio ya intaneti na kuiweka upya, kisha kwamba "mafundi wanashughulikia mnara". Mnara haukuwa na tatizo lolote. Nilitoa laini yangu nikaiweka kwenye simu ya dada yangu, simu ya bei nafuu ya dukani Lushoto mjini, tukiwa tumekaa kwenye benchi moja. 4G ikaja, na picha ilikwenda kabla sijainua kichwa.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada, ambaye amesomea mawasiliano. Aliweka programu ya kupima mtandao kwenye simu ya mama yake, ikaonyesha kwamba mnara wetu unarusha 4G kwenye masafa ya redio ya MHz 800, yanayoitwa bendi ya 20, na 3G kwenye MHz 900. Kisha akatafuta namba ya toleo la simu yangu, ambayo imeandikwa kwenye boksi na kwenye mipangilio. Toleo hilo limetengenezwa kwa ajili ya masafa ya Marekani. Lina bendi ya 3 ya MHz 1800, ndiyo iliyokuwa ikishika 4G Dar. Bendi ya 20 halina. 3G yake ni MHz 850, 1900 na 2100, hivyo ile ya 900 nayo haioni. Ikabaki 2G peke yake. Akanieleza pia kwamba masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya vizuri zaidi, ndiyo maana yanafaa vijijini na kwenye mabonde kama yetu. Na kuhusu ile 4G kupotea ninapoongea, alisema ili kupiga simu juu ya 4G haitoshi simu iwe na uwezo huo. Lazima kampuni nayo iwe imeliruhusu toleo hilo kwenye mtandao wake.

Kwa haki niseme: pesa kwa simu niliendelea kupokea na kutuma bila shida, maana menyu ya nyota na reli haihitaji data. Mtandao wenu wenyewe sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni jibu nililopewa. Loki ni makubaliano ya biashara kati ya kampuni na mteja, nayo huondolewa. Masafa yako ndani ya chombo chenyewe, hakuna fundi wa kuyaongeza kwa kubonyeza vitufe. Mhudumu wenu alichanganya vitu viwili, na kipimo chake kilikuwa kuangalia kioo akiwa Kariakoo, huku nikiwa nimemtajia Lushoto. Simlaumu sana kijana yule. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumfundisha. Kwa hiyo sitaki aadhibiwe.

Ninachotaka ni kurudishiwa shilingi 50,000 za kifurushi ambacho kilikwisha muda wake karibu chote kikiwa hakijaguswa. Pia wahudumu wenu wafundishwe kuuliza namba ya toleo na mahali simu itakapotumika kabla ya kumjibu mteja, na bendi mnazotumia katika kila wilaya zibandikwe ukutani dukani, pamoja na orodha ya simu mlizoziruhusu kupiga juu ya 4G. Kila mwaka ndugu zetu wanarudi na simu kutoka Marekani, na wengi wanaopokea hawana mpwa aliyesomea mawasiliano.

Nimeanza na ninyi kwa sababu utaratibu unataka lalamiko lipite kwa mtoa huduma kabla ya kufika TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Naomba majibu kwa maandishi. Risiti ya kifurushi na picha za vioo vya simu zote mbili, zilizopigwa kwenye benchi lile, nimeziambatanisha.

Wenu,

Mfanyabiashara wa mboga, Mlalo