Tuanzie kwenye friji

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu sana. Sisi huku tu wazima. Barua yako imenifikia, na pale uliposema bili ya umeme inakukosesha usingizi niliumia, maana mwaka jana nami nilikuwa hapo hapo.

Kwanza nakuomba usiwagombeze tena watoto kwa sababu ya taa. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60, na ikiwaka saa 10 haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti. Hita ya kuogea ya wati 5000 humaliza uniti nzima kwa dakika 12. Chukua wati, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1000, utapata uniti. Nilipoipiga hesabu hiyo kwa vyombo vyote vya ndani, niliona tulikuwa tunagombana bure. Umeme unaliwa na vinavyopasha moto: hita, pasi, birika, jiko. Sisi siku hizi tunapiga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na hita inazimwa mtu akishajipaka sabuni.

Ila kwangu mwizi mkubwa alikuwa friji. Usiku mmoja nilichomoa kila kitu nikaliacha hilo peke yake, nikakaa nalo jikoni. Mota yake ilinguruma muda wote, haipumziki. Nikabana karatasi mlangoni, nikaivuta. Ikatoka laini kabisa, kana kwamba mlango haukufungwa. Nilipoufunua ule mpira nikakuta umekakamaa, mikunjo imejaa weusi wa ukungu, na kona ya chini imepasuka. Baridi ilikuwa inavujia hapo usiku na mchana. Nikabadilisha mpira, nikalisogeza mbali kidogo na ukuta, kisha nikalichomoa na kufuta vumbi kwenye vile vibomba vya nyuma, kwa sababu ndivyo vinavyotoa joto nje, na vikizibwa mota inahangaika. Usiku ule nikalisikia linazima lenyewe. Jikoni kukawa kimya! Sikumbuki mara ya mwisho kukisikia kimya kile.

Kwa hiyo usikimbilie kununua friji jipya kabla hujaijaribu karatasi, na ijaribu pande zote nne za mlango. Halafu, kama mita yako ina kile kitaa kinachopepesa, zima kila kitu, friji pia, ukitazame. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu bado kinakula. Kwetu kilikuwa king'amuzi, tulichozoea kukizima kwa rimoti tu.

Nataka tulimalize hili pamoja. Kuanzia kesho soma mita kila asubuhi saa ile ile, siku saba, uandike namba. Nitumie pamoja na wati za hita yako. Zimeandikwa kwenye kibandiko chake. Nikizipata nitakaa nazo jioni hiyo hiyo nikujibu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako daima