Pancha inayorudi baada ya dakika kumi

Mhariri,

Kwa waendesha baiskeli wa Dodoma, kiangazi ni msimu wa mbigili na miiba ya migunga, hasa ukiacha lami na kushika njia za vumbi kuelekea Hombolo. Pancha yenyewe si tatizo. Tatizo ni kuziba kwa pupa. Mwiba ukibaki kwenye tairi, kiraka kipya hakifiki mbali. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitanasa palipo na ncha, na vidole vyako vitapona. Sugua tyubu kwa msasa, eneo pana kuliko kiraka, pangusa, paka solusheni nyembamba, kisha subiri kama dakika 5 hadi isinate kidoleni. Wengi hubandika ingali mbichi, ndiyo maana kiraka huteleza. Kurudisha tairi tumia mikono: bisibisi huibana tyubu kwenye ringi na kukuachia tundu jingine. Oili chafu ya gari kwenye mnyororo nayo haifai, hunasa vumbi na kusaga meno ya gia.

Pampu iliyosahaulika nyumbani, hiyo haina fundi.

Waendesha baiskeli,
Dodoma