Mama, kadi imetoka

Minneapolis, Oktoba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, wasiwasi ni juu yenu nyote hapo Ngamiani, hasa hilo goti lako.

Mama, kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, imetoka. Ilikuja Jumanne kwa posta, nikaikuta kwenye sanduku la barua nikitoka kazini. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, koti mwilini, nikalia. Wa kwanza kumkumbuka hukuwa wewe, unisamehe. Nilimkumbuka Bibi.

Najua yaliyosemwa msibani: mjukuu aliyelelewa na marehemu ameshindwa hata kuja kutia udongo. Siku ile kwenye simu sikuweza kujieleza. Leo nakueleza, nawe umfikishie Shangazi.

Ukaazi wa kudumu nimeombewa na mwajiri wangu. Kampuni ndiyo inayoomba, na kabla ya kuomba, sheria inaitaka ithibitishe kwamba hakuna Mmarekani mwenye sifa anayeihitaji kazi ile. Basi mwaka 2022 kazi yangu mwenyewe ya uhandisi wa madaraja, ninayoifanya kila siku, ilitangazwa siku 30 kwenye ofisi ya ajira ya jimbo na Jumapili mbili gazetini. Gazeti lile nililinunua. Nikasoma sifa zinazotakiwa, zote zangu, na wiki zile kila simu iliyolia ofisini ilinishtua. Angejitokeza mmoja tu anayefaa, habari yangu ingeishia pale. Hakutokea. Kisha Wizara ya Kazi ikakaa na faili zaidi ya mwaka mzima, ndipo wa uhamiaji wakaanza ya kwao.

Halafu kuna foleni. Kadi za njia hii ni kama 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, wake na watoto wakihesabiwa humo humo, na kwa kawaida nchi moja haipati zaidi ya asilimia 7. Sisi Watanzania tunaoomba ni wachache, tunapita haraka. Mwenzangu wa Hyderabad, India, ambako waombaji ni wengi mno, aliyenifundisha kazi na aliyeanza kuombewa kabla yangu, yuko mwaka wa 11 anangoja. Nimeshindwa kumwonyesha kadi.

Zamu yangu ilifika 2024. Nikajaza fomu ya mwisho, dola 1,440, bado daktari na chanjo. Ndio mwezi ule niliowatumia nusu tu ya pesa za nyumbani. Wiki tatu baadaye Bibi akafariki. Ukitoka nchini bila ruhusa maombi yakiwa mezani, unahesabiwa umeyaacha. Wenye viza ya kazi kama mimi hawahesabiwi hivyo, lakini ile iliyobandikwa kwenye pasi yangu ilikuwa imekwisha muda. Ningelazimika kuomba nyingine ubalozini ndipo nirudi, na hakuna aliyeweza kuniambia ni wiki ngapi. Ruhusa ya safari niliyoiomba ilikuwa haijatoka. Wakili akasema uamuzi ni wangu. Nikabaki. Hakuna aliyenizuia, Mama, nilichagua mwenyewe, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mdogo wangu mwambie taratibu. Kwa kadi hii naweza kumwombea mke na watoto, siyo mzazi wala ndugu. Mpaka niwe raia, na kuomba uraia ni baada ya miaka 5. Hata hapo foleni ya ndugu inapita miaka 10. Asiache chuo kwa kunisubiri mimi. Na yule wakala wa Dar anayetaka milioni nane ili amtafutie mwajiri wa kumdhamini, asimpe hata shilingi. Gharama za kuitangaza kazi na za wakili wa hatua ile ni za mwajiri, sheria inamkataza kumtoza mfanyakazi. Mwajiri wangu hakunidai hata senti kwa hayo.

Nakuja Desemba, wiki tano. Nasikia mabasi ya Tanga siku hizi yanatoka Mbezi, siyo Ubungo tena. Nitapanda la kwanza la asubuhi. Kaka anipokee stendi, tupitie makaburini kabla ya kuja nyumbani. Anionyeshe, maana kaburi la Bibi mimi silijui.

Mwanao