Porsche mbili nyeupe za LEGO

Kwako Mussa,

Salaam, natumaini nyumbani wote hawajambo. Umeniuliza kati ya Porsche mbili za LEGO, zile gari za kuunganisha kwa vipande vya plastiki, yaani 911 namba 10295 na 911 RSR namba 42096 uchukue ipi, ukaniwekea na hesabu ya vipande kana kwamba ndiyo itakayoamua. Haitaamua. Ya kwanza ina vipande 1,458, ya pili 1,580, na zote ziliingia sokoni Marekani kwa bei ileile, dola 149.99. Isitoshe, mamia ya vipande vya 42096 ni pini za kuunganishia, ambazo gari likikamilika huzioni tena.

10295 ilitoka 2021 nayo ni ya kutazamwa. Ina urefu wa sentimita 35, mistari ya bodi imetulia, na ukiiweka kabatini mtu anaijua gari tangu mlangoni. Usukani unageuza magurudumu ya mbele, ila kidogo tu. Injini ipo nyuma, lakini ni pambo, haizunguki. Sanduku moja lina vipande vya matoleo mawili ya 911, Turbo na Targa, nawe unajenga mojawapo: Turbo ina nyuma pana na spoila, Targa ina paa linalotoka na kuhifadhiwa chini ya boneti. Amua kabla hujaanza, maana kubadili baadaye ni kubomoa nyuma. Vipande vya toleo usilolijenga vitabaki mezani; usihangaike kudhani umeruka hatua.

42096, ya 2019, ni ya fundi. Ina sentimita 50, shokapu kila gurudumu, difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti), na pistoni sita zilizolala, tatu kila upande, zinazocheza gari likisukumwa. Giaboksi haina. Ukiisogelea utaona mapengo ya bodi, na sura yake ya mashindano inategemea stika nyingi. Kwa jinsi unavyopenda kuchungulia mitambo, mimi ningekwambia chukua hii.

Ila ijenge kwa subira, hasa sehemu ya nyuma. Pini fupi nyeusi hubana. Za kijivu huzunguka bure. Zile ambazo upande mmoja ni ekseli, yaani kijiti chenye umbo la msalaba kinachobeba gia, za bluu hubana na za rangi ya mchanga huzunguka. Ukichomeka ya kubana mahali gia inapotakiwa kuteleza, mtambo mzima unakuwa mzito na hutajua kwa nini. Kosa la pili ni bushi, vile vipete vinavyovalishwa ekseli ili isichomoke: watu huzisukuma mpaka zinagandamiza fremu. Acha nafasi ya unene wa karatasi, ekseli ikizungushwa kwa vidole viwili izunguke. Urefu wa ekseli usiukisie. Kitabu kimeichora kwa ukubwa wake halisi, ilaze juu ya picha ulinganishe.

Kabla hujafunika injini, pima difu. Inua nyuma, zungusha gurudumu moja: la pili lirudi kinyume, pistoni zikiwa zimetulia. Zungusha yote mawili pamoja kwenda mbele, pistoni zicheze. Ukisikia mlio wa tak-tak, kuna gia haijashikana vizuri na mwenzake. Irekebishe palepale, kwa sababu bodi ikishapanda utabomoa nusu ya gari.

Kwa kuwa 42096 imeshaacha kutengenezwa, huenda ukaangukia ya mtumba. Plastiki nyeupe hugeuka njano ikikaa juani, na picha za muuzaji huficha hilo. Mwambie ang'oe kipande kimoja cha juu akiweke kando ya kingine cha ndani, apige picha ya vyote viwili kwenye mwanga wa dirishani. Angalia pia kingo za stika. Zilizokwisha kunyanyuka hazishiki tena vizuri.

Kuhusu ile ya tatu uliyoniuliza, ya rangi ya machungwa, 911 GT3 RS namba 42056 ya 2016, vipande 2,704: hiyo ndiyo yenye giaboksi, gia nne, na vibao vya kubadilishia nyuma ya usukani. Ni kubwa, sentimita 57. Lakini ukifuata kitabu neno kwa neno, gia zinapanda kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Kosa ni la usanifu, si lako. Kuna marekebisho ya kubadilishana gia ndani, ila yafanyike kabla ya bodi. Ya mtumba muulize muuzaji kama yameshafanywa. Na usishangae kuisukuma ikiwa ngumu kwenye gia ya kwanza: hapo magurudumu yanalazimika kuzungusha injini kwa kasi zaidi. Ikiwa ngumu kwenye gia zote nne, hapo kuna bushi iliyobanwa.

Ukipata muuzaji, nitumie picha zake kabla hujalipa, hasa ya nyuma na ya chini ya gari.

Wako,
Idrisa