Mhariri, tunabandika stika juu ya maandishi ya watu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mwanga hapa Kigoma, mwisho wa reli. Mi nauza dawa kwenye famasi, huu ni mwaka wa saba sasa, na naomba kwanza nikiri kosa langu mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu kidole.

Kuna maboksi ya dawa ukipitisha kidole juu yake unasikia vijinundu, kama vipele hivi vya joto. Miaka yote hiyo mi nikajua ni urembo wa kiwandani, au labda alama ya kuonyesha dawa sio feki, sikuwahi hata kuuliza. Na bosi akileta mzigo mpya kazi yangu ya kwanza ni kubandika stika za bei, nabandika popote panaponijia, na mara nyingi ilikuwa hapohapo kwenye vipele.

Sasa tuna mteja wetu mzee mmoja anatokea Ujiji, haoni kabisa tangu utotoni, huwa anakuja na bajaji na mjukuu wake. Anatumia dawa ya presha na ya sukari. Mwezi ule mjukuu alikuwa shule kwa hiyo kaja peke yake, dereva kamshusha mlangoni. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwekea boksi la presha juu ya kaunta nikageuka kutafuta la sukari. Nageuka namkuta kalishika boksi kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinatembea polepole juu ya vile vipele na midomo inacheza. "A," anasema. "M. L." Alafu akasimama. Akarudi nyuma, akaja tena, akasimama palepale. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa umebandika nini?"

Mhariri, nilitamani kaunta inimeze. Nikaanza kubandua ile stika kwa kucha na ilivyo na gundi ngumu ikatoka na ngozi ya boksi, nundu mbili zikalala. Mzee akacheka tu akasema hata kitabu cha shule kikichakaa zinalala hivohivo, mtu unakisia. Kumbe vile vipele ni nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, na alifundishwa Tabora akiwa mtoto, alikuwa anapanda treni hapa stesheni na sanduku lake la bati, na anasema mpaka leo kidole hakijasahau.

Akanifundisha palepale kwenye benchi, wateja wakisubiri (bosi hakuwepo, nashukuru). Chukua dadu ya ludo, tazama upande wa sita: safu mbili, kila safu nukta tatu. Hiyo ndo nyumba ya herufi moja. A ni nukta moja tu ya juu kushoto. L ni tatu zimesimama wima kushoto. M ni ya juu na ya chini kushoto, na ya juu kulia. Kwa nukta sita unapata mipangilio 63, inatosha herufi, namba, alama na hata muziki. Aliyezipanga ni kijana wa Kifaransa Louis Braille, ambaye alijichoma jicho akiwa na miaka 3 akichezea kifaa cha kutobolea ngozi kwenye karakana ya baba yake, ugonjwa ukahamia jicho la pili. Kabla yake shuleni kwao Paris walikuwa wanasoma herufi za kawaida zilizovimbishwa kwenye karatasi, kazi kweli kuzipapasa. Alafu kuna bwana Barbier aliyewahi kuwa askari akaleta mtindo wa nukta 12, ila kumi na mbili kidole hakizimezi kwa mguso mmoja. Braille akapunguza zikawa sita, akiwa na miaka 15, mwaka 1824. Miaka mia mbili imepita na mi nilikuwa naibandikia bei.

Safari iliyofuata mzee akaja na kibao chake cha kuandikia na kalamu ya chuma, na kipande cha kalenda ya zamani maana karatasi ya daftari inatoboka. Akanipa niandike neno "dawa". Nikaandika vizuri kabisa nikitokea kushoto kama nilivyofunzwa darasa la kwanza, tukageuza karatasi, akapitisha kidole akaangua kicheko. Kumbe unapobonyeza, nundu zinatokea upande wa pili, kwa hiyo inabidi uandike kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi uigeuze. W yangu ilikuwa imekuwa R, D imekuwa F, na zile A zote mbili hazikuwa herufi yoyote ile. Anasema W ni mkorofi tangu mwanzo, Mfaransa hakuwa na shida nayo hivyo haikuwemo kwenye mpango wa kwanza, ikachomekwa baadae. Sisi na "watu" na "wewe" zetu tungefanyaje.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe, na stika sio kubwa kuliko zote. Kubwa ni mkasi. Wewe mwenyewe unajua hali, mteja anakuja na hela ya siku tatu, tunakata kipande cha dawa, tunatia kwenye kijibahasha, tunaandika kwa peni 1x2, basi. Boksi lenye nundu linabaki shelfuni kwetu kwa sisi tunaoona, na asiyeona anaondoka na bahasha laini isiyosema kitu. Mzee wangu huyu mwaka jana alimeza za presha mara mbili akaacha za sukari, mjukuu alichanganya bahasha, akaanguka uani kwake. Hakuvunjika, lakini aliniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba msamaha, wakati wa kuomba msamaha ni mimi.

Ulaya kuna sheria ya mwaka 2004, jina la dawa lazima liwe na nukta nundu kwenye boksi. Ndo maana zinazotoka kule zinazo. Kwenye shelfu langu nilipapasa moja moja jioni moja, mengi ni ya India na mengi hayana kitu, machache yanazo. Zinazotengenezwa hapahapa Tanzania nilizonazo, hakuna hata moja. Wanaosajili dawa wakiamua kuuliza swali hili moja tu kwa mwenye kiwanda nadhani haitashindikana, maana boksi linapita kwenye mashine ya kukandamiza karatasi hata hivyo.

Kijana mmoja wa bodaboda pale nje akanipinga, anti, siku hizi simu inasoma, unaipiga picha inakuongelesha. Ni kweli, na mwenye simu hiyo na bando aitumie. Ila simu inaongea kwa sauti. Mi nauza dawa, najua zipo dawa ambazo mtu hataki mke mwenza wala mpangaji wa chumba cha pili asikie jina lake. Mwenye macho anasoma kimyakimya anaweka mfukoni. Kidole nacho kinasoma kimyakimya, hata umeme ukikatika.

Saivi nimebadilika hivi: stika naweka upande usio na nundu, na kama hakuna mteja mwingine wa haraka asiyeona anayelihitaji boksi lile nampa asiyeona boksi lenyewe na dawa zake ndani, hata kama kanunua za wiki moja. Zisizo na nundu tunafunga rababendi, moja ni ya presha, mbili ni ya sukari, tulikubaliana hivyo na mzee. Bosi kalalamika kidogo kwamba bidhaa bila boksi haipendezi shelfuni, alafu kazoea. Wenzangu wa famasi za Gungu, Bangwe na Ujiji, rababendi paketi moja haimalizi faida ya mtu.

Mzee anajua nimekuandikia. Ukiichapa barua hii nitamsomea akija kuchukua dawa zake, na ameshanionya nisiruke neno hata pale kwenye stika.

Muuza dawa,
Mwanga, Kigoma