Mita mbili za nani? Barua ya wazi kwa mkuu wa utabiri wa bahari

Mheshimiwa Mkuu,

Assalaam alaykum.

YAH: MITA MBILI

Mimi ni katibu wa wavuvi kwenye diko moja la kaskazini ya Pemba. Kazi yenyewe si kubwa. Naandika vyombo vinavyotoka na vinavyorudi, nasuluhisha ugomvi wa nyavu, na kila siku baada ya sala ya Alasiri nawasomea manahodha taarifa ya hali ya hewa iliyoingia kwenye simu yangu. Hiyo ya mwisho hakunituma mtu. Nimejitwika mwenyewe, kwa kuwa simu yangu hushika mtandao nikisimama juu ya mnazi ulioanguka nyuma ya banda la barafu.

Wakati wa pepo kali nasoma karibu maneno yale yale: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, ukanda wote wa pwani, Tanga mpaka Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba. Watoto wa dikoni wameshayahifadhi. Nikianza tu, wao wananimalizia.

Januari moja, upepo wa kaskazi umekolea, nilisoma hivyo hivyo. Nahodha mmoja, mtu mzima aliyezeekea baharini, akaniuliza: "Mbili, katibu?" Nikamwambia mbili. Akainua macho akaitazama dari ya banda, akapima, akasema hizo anaziweza. Walitoka saa tisa usiku watu watano, boti ya faiba, mashine ya nguvu farasi 15. Ndani ya mwamba maji yalikuwa yametulia kama ya kikombeni. Walipoiacha taa ya Ras Kigomasha na kuingia mkondoni, wimbi likasimama. Aliyepita pale wakati wa kaskazi anajua nasema nini: wimbi halibingiriki likaenda zake, linainuka wima na kuvunjikia hapo hapo. Walirudi saa nne asubuhi kwa makasia. Mashine ilikuwa imekunywa maji ya chumvi, nyavu wamezikata kwa kisu ili omo, pua ya boti, ipate kuinuka, sanduku la barafu limechukuliwa na maji. Alhamdulillahi, waliotoka watano walirudi watano. Nahodha alinipita bila salamu. Kisha akageuka: "Zile hazikuwa mbili, katibu."

Tuna kijana wetu anayesomea mambo ya bahari chuoni. Aliporudi likizo nikamuuliza, na jibu lake limeninyima usingizi kuliko ile Januari yenyewe. Kumbe urefu wa wimbi unaotajwa kwenye utabiri si wa wimbi kubwa kuliko yote. Wataalamu huchukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi, na kutafuta wastani wake. Mengi yanakuwa chini ya hapo, lakini ukikaa nje saa kadhaa, mojamoja linaweza kukaribia mara mbili ya kipimo. Maana yake zile mita 2 ninazowasomea watu zina wimbi la karibu mita 4 lililojificha ndani yake. Nimesoma taarifa hii miaka na miaka, na sikulijua hilo.

Sasa lipo neno hili "yanayofikia". Kwa Kiswahili chetu, kufikia ni ukomo. Nikikwambia gunia la karafuu linafikia kilo 50, ukalipima ukakuta 90, utaniita mwongo au mwendawazimu. Kama hesabu yenu ni ya wastani, iteni wastani, kisha ongezeni sentensi moja tu: kwamba wimbi mojamoja huweza kukaribia mara mbili. Sentensi hiyo ingetosha kumrudisha yule nahodha kitandani.

Hata hesabu ikinyooka, bahari yenyewe si moja. Mlango wa kati ya Unguja na bara ni maji ya makumi ya mita tu. Unguja na Mafia zimekaa juu ya kitako kimoja na bara. Pemba tumetengwa na bara kwa korongo la karibu mita 800. Isitoshe, mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo vinafuatana: wimbi linakuwa kubwa lakini refu, chombo kinalipanda na kulishuka. Kaskazi ikivuma, vinakutana uso kwa uso, wimbi linafupika na kuchongoka. Kilomita 40 za Julai na kilomita 40 za Januari zinaandikwa sawa, lakini mgongoni mwa baharia haziko sawa. Halafu yupo yule mgeni asiyekuja na upepo wowote, wimbi refu linalozaliwa na dhoruba za mbali huko kusini na kutufikia siku kadhaa baadaye, mchana kweupe, tanga linaning'inia. Kwenye taarifa sijawahi kulisoma.

Hivyo naomba bahari ikatwe vipande. Mlango wa kati ya Pemba na bara uwe na mstari wake, mashariki ya Pemba wake, mlango wa Unguja wake, Mafia wake, Kilwa hadi Msimbati wake. Katika kila mstari nijue upepo unatoka wapi, unakazana alfajiri au alasiri, na maji ni bamvua, yale makubwa, au mafu, yale madogo. Kama zipo sababu za kitaalamu za kuliweka lote fungu moja, tuelezeni. Manahodha hawa ni warithi wa watu waliohesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, wataelewa. (Na kama mwandishi wenu anaweza kutuandikia pepo kwa majina yetu, matlai au umande, mara mojamoja, hatutamshitaki.)

Ngazi zenu za onyo nazo, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zimepangika vizuri kwenye karatasi yenye rangi. Dikoni hakuna rangi, ipo sauti yangu tu, na kwa msikilizaji wangu angalizo na tahadhari ni mapacha. Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani, wakienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wanakaa miezi kwenye vibanda ambako mtandao haufiki, wanategemea redio. Kituo kimoja, sitakitaja, kinasoma matangazo ya biashara dakika sita, kisha kinasema "wavuvi wachukue tahadhari", basi. Waichukulie wapi?

Nisije nikaonekana sina shukrani. Mei 2024, kilipokuja kimbunga Hidaya, tuliambiwa mapema, siku kabla. Boti za abiria zilisimama, na vyombo vyetu tukavivuta juu. Kikaenda kupiga Mafia, zaidi ya kilomita 300 kusini yetu. Kwetu paa halikuruka. Watu wanaokula walichovua siku hiyo hiyo walikaa pwani mikono mitupu, na mimi nikabandikwa jina la Katibu Hidaya kwa muda wa miezi mitatu. Siku hizo ukanda wote ulisomwa kama mahali pamoja. Laiti ningekuwa na mstari wa Pemba peke yake, ningewaambia hatari yetu ni ya ngazi ipi na ya Mafia ni ya ngazi ipi. Badala yake waliondoka na somo baya, kwamba Pemba haipigwi. Na somo hilo lina mizizi mirefu: tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo tunajiona kama tuliandikiwa kinga.

Najua huko nje vyombo vyenu vya kupimia ni vichache, na kwamba maharamia wa Somalia walichelewesha uwekaji wa maboya ya vipimo upande huu wa Bahari ya Hindi. Lakini sisi tuko huko kila usiku. Tupeni namba moja ya simu ambayo nahodha akirudi atasema alichokikuta.

Mimi nimeshaanza bila namba. Tangu ile Januari nina daftari la kaunta, mistari mitatu kwa kila safari: tarehe, taarifa ilivyosema, na alichokikuta nahodha kwa kipimo chake, goti, kiuno, kichwa, "nimelipoteza jua". Niko ukurasa wa 61. Siku nyingine taarifa yenu imelenga sawasawa, na hizo nimezipigia mstari kwa wino mwekundu ili mzione upesi. Mtumeni mtu aje alisome. Aje siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawatoki, atawakuta wote wamekaa banda la barafu wanashona nyavu. Yule nahodha wa Januari naye atakuwepo. Amepata mashine nyingine ya mkopo, na bado ananiuliza kila jioni, ila sasa haniulizi mita ngapi, ananiuliza za wapi.

Wako katika kazi,

Katibu wa wavuvi,
Kaskazini Pemba.